Zege la Uhuru: Historia na Uhifadhi wa Jengo la Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo. Wafanyabiashara walipoteza mali na mitaji, na jiji likapoteza kwa muda kitovu cha biashara yake ya vyakula na pembejeo za kilimo. Moshi ulipotulia, liliibuka swali ambalo kwa miaka mingi halikuwa limeulizwa hadharani: je, jengo hili libomolewe au litengenezwe? Serikali iliamua kulikarabati, na sambamba na ukarabati huo kujenga jengo jingine jipya pembeni yake, katika mradi uliogharimu takriban shilingi bilioni 28.

Uamuzi huo uliliokoa jengo. Hata hivyo, haukumaliza swali la msingi la uhifadhi, yaani: katika jengo hili, ni kitu gani hasa kinachopaswa kuhifadhiwa? Ni kuta na nguzo? Ni sura inayoonekana kwenye picha? Au ni jambo jingine?

Makala hii inalijibu swali hilo kwa njia ya historia. Hoja yake kuu ni kwamba Soko Kuu la Kariakoo ni la aina ya majengo ambayo umbo lake ni kazi yake. Paa lake halikupambwa ili lipendeze. Lina umbo lile kwa sababu linakinga jua, linakusanya maji ya mvua, linaingiza mwanga na kutoa hewa ya joto. Kwa sababu hiyo, kuhifadhi sura ya jengo bila kuhifadhi utendaji wake ni kulipoteza polepole huku tukidhani tunalo. Ili kuithibitisha hoja hiyo, makala inaanza na historia ya mahali lilipojengwa soko, kisha inaangalia saruji, msanifu na jengo lenyewe, inalilinganisha na majengo ya aina yake ughaibuni, na mwisho inachunguza sheria na mbinu za uhifadhi.

2.0 Mahali: Kutoka Shamba la Minazi hadi Soko

Eneo la Kariakoo lilikuwa sehemu ya shamba la minazi lililomilikiwa na Mjerumani aliyeitwa Schoeller. Mwishoni mwa utawala wao, Wajerumani walilinunua shamba hilo kwa lengo la kuanzisha mji wa Waafrika, wakachora mitaa iliyonyooka na kukatana kama nyavu. Mpangilio huo wa mitaa ungalipo hadi leo. Katika eneo hilo walijenga banda kubwa, lakini Vita Kuu ya Kwanza vikaanza kabla halijatumika kama ilivyokusudiwa.

Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916. Banda na viwanja vyake vikatumika kuwaweka wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili uliligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ni wachache miongoni mwao ambao majina yao yameandikwa popote, lakini kikosi chao kimeliachia eneo jina. Katika miaka ya 1920 banda hilo liligeuzwa kuwa soko.

Chini ya Waingereza mji uligawanywa kwa rangi: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, na Uswahilini nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao uliachwa wazi ili uwatenge wakazi. Kariakoo ilikuwa Uswahilini. Nyumba zake zilikuwa za udongo na miti, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na wenye nyumba wengi walipangisha vyumba kwa wageni kutoka bara. Ni katika eneo hilohilo, tarehe 7 Julai 1954, ndipo chama cha TANU kilipozaliwa, katika nyumba iliyo kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba.

Historia hii ni muhimu katika kulifasiri jengo. Wakoloni walijenga majengo yao makubwa Uzunguni: boma, benki, makanisa, ofisi za serikali. Jamhuri ilipoamua kujenga soko la kisasa kuliko yote nchini, ililijenga Uswahilini, juu ya ardhi waliyolala wapagazi. Mahali palipochaguliwa palikuwa na maana ya kisiasa hata kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa.

3.0 Saruji ya Wazo

Majengo ya zege hayawezi kuelezwa bila kueleza saruji. Kabla ya mwaka 1966, Tanzania haikuwa na kiwanda chake cha saruji. Mfuko uliotumika Dar es Salaam ulitoka nje ya nchi, na bei yake ilibeba gharama za safari. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji katika kilima cha Wazo, kaskazini mwa jiji, mahali penye mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Mwaka mmoja baadaye lilikuja Azimio la Arusha, na serikali ikaingia katika umiliki wa kiwanda hicho.

Kwa zaidi ya miaka kumi, Wazo ndicho kilikuwa kiwanda pekee cha saruji nchini. Viwanda vya Tanga na Mbeya vilianza uzalishaji katika miaka ya 1980. Kwa hiyo, majengo ya umma yaliyojengwa Dar es Salaam baina ya Azimio la Arusha na mwisho wa miaka ya 1970 ni ya kizazi cha Wazo: kizazi kilichopata, kwa mara ya kwanza, saruji iliyotengenezwa nyumbani kutokana na jiwe la nyumbani.

Jambo hili lilikuwa na athari katika usanifu. Vyuma vikubwa vya kujengea viliagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, ambazo zilikuwa haba. Saruji, kokoto na mchanga vilipatikana nchini, na nguvu kazi ilikuwapo. Msanifu aliyetaka kufunika eneo kubwa kwa gharama nafuu alikuwa na sababu nzuri ya kuchagua zege, na hasa zege jembamba lenye nondo chache, ambalo uimara wake unatokana na umbo zaidi kuliko unene.

4.0 Msanifu na Jengo

Msanifu wa soko alikuwa Beda Amuli, anayetajwa kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kufuzu usanifu majengo. Alisomea katika chuo cha Technion mjini Haifa, Israeli, kisha akafanya kazi na kampuni ya Kiisraeli ya Zevet, ambayo ilisanifu Hoteli ya Kilimanjaro iliyopo ufukweni. Baadaye alianzisha kampuni yake mwenyewe. Katika nchi ambayo karibu michoro yote ya majengo makubwa ilitoka mikononi mwa Waingereza, Wahindi na Waisraeli, kukabidhiwa Mtanzania mweusi kazi ya soko kuu la taifa lilikuwa tukio la kihistoria.

Ujenzi ulifanyika katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Mwaka 1974 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Shirika la Masoko ya Kariakoo ili kuliendesha soko, na mwaka 1975 Mwalimu Julius Nyerere akalifungua rasmi.

Jengo lina ngazi tatu. Chini kabisa kuna sehemu iliyochimbwa ardhini, ambayo wafanyabiashara huiita shimoni. Huko ndiko mizigo ya jumla iliposhushwa na kuhifadhiwa. Juu yake kuna sakafu ya soko la rejareja iliyo usawa wa barabara, na juu yake tena kuna orofa ya maduka. Juu ya yote limetandazwa paa ambalo ndilo alama ya jengo: magamba ya zege yaliyopanuka juu na kufinyika chini, mfano wa faneli au wa miamvuli iliyopinduliwa na upepo, kila mmoja ukisimama juu ya nguzo yake.

Umbo hili linapaswa kuelezwa kwa vitendo, kwa kuwa ndilo msingi wa hoja ya makala hii. Kwanza, kila mwamvuli ni faneli ya kweli. Mvua ya masika inapopiga juu yake, maji hutelemka kuelekea katikati, huingia katika nguzo na kushuka hadi kwenye matangi yaliyo chini ya jengo. Pili, miamvuli haikuzibwa kabisa baina yake. Mianya iliyoachwa huingiza mwanga na kuruhusu hewa ya joto, iliyo nyepesi, kupanda na kutoka. Tatu, kwa kuwa paa halitegemei kuta za nje, kuta hizo zinaweza kuwa wazi, na upepo wa bahari ukapita. Katika jiji lenye joto na unyevu kama Dar es Salaam, ambamo nyanya na mchicha huharibika kwa saa chache, hewa inayopita ni sehemu ya vifaa vya soko kama ilivyo mizani.

Magamba ya zege ya jinsi hii yalikuwa yamepata umaarufu duniani katika miaka ya 1950 kupitia kazi za Félix Candela nchini Mexico. Siri yake ni kwamba uso uliopinda unaweza kuumbwa kwa mbao zilizonyooka, zikipangwa kwa mshazari. Hutumia saruji na nondo kidogo, lakini huhitaji maseremala na mafundi wengi. Katika nchi ambamo ujira wa fundi ulipanda sana, teknolojia hii ilitoweka kwa sababu ya gharama. Tanzania ya miaka ya 1970 ilikuwa na hali iliyo kinyume: vifaa vilikuwa haba na mikono ilikuwa mingi. Hivyo basi, paa la Kariakoo linaonyesha pia hali ya uchumi wa wakati wake.

5.0 Majengo ya Aina Yake Ughaibuni

Ili kuona uzito wa jengo hili, inafaa kulilinganisha na majengo mengine yaliyozaliwa katika mazingira ya mageuzi ya kijamii. Katika Umoja wa Kisovieti wa miaka ya 1920 lilizuka kundi la wasanifu walioitwa wakonstraktivisti. Wao walishikilia kwamba jengo lisijifiche nyuma ya mapambo. Muundo wake uonekane, na umbo lake litokane na kazi inayofanyika ndani. Mfano wao mashuhuri ni jengo la ofisi la Derzhprom mjini Kharkiv, Ukraine, lililojengwa kwa zege lenye nondo kati ya 1925 na 1928 kwa ajili ya idara za viwanda vya serikali. Minara yake imeunganishwa kwa vijia vya juu ili mtumishi avuke kutoka idara moja hadi nyingine bila kushuka barabarani.

Makala hii haidai kwamba Amuli aliwaiga wasanifu hao. Kinachodaiwa ni kwamba tatizo lilikuwa la namna moja. Dola changa, iliyovunja utawala wa zamani, ilihitaji majengo ya umma ambayo hayakurithi lugha ya watawala waliopita, na ikaipata lugha hiyo katika zege na katika kazi yenyewe. Kharkiv ilijenga ofisi. Dar es Salaam ilijenga soko.

Hatima za majengo hayo zina mafunzo. Derzhprom lilinusurika katika Vita Kuu ya Pili, na tarehe 28 Oktoba 2024 likapigwa na bomu la Urusi na kuharibiwa sehemu, ingawa muundo wake ulibaki umesimama. Jengo jingine la wakonstraktivisti, Narkomfin la Moscow, lilijengwa kati ya 1928 na 1930 kwa mchoro wa Moisei Ginzburg. Liliachwa likachakaa kwa miongo mingi, hadi lilipokarabatiwa chini ya usimamizi wa mjukuu wake, Alexey Ginzburg, na kazi ikakamilika mwaka 2020. Katika kazi hiyo, sakafu ya chini ambayo awali ilikuwa wazi juu ya nguzo, na baadaye ikazibwa kwa vyumba, ilifunguliwa tena. Wahifadhi walitambua kwamba uwazi ule haukuwa nafasi tupu isiyo na mwenyewe, bali ulikuwa kiungo cha jengo. Fundisho hilo linaihusu Kariakoo moja kwa moja, kama itakavyoonekana mbele.

6.0 Sheria Isiyolifikia Jiji

Uhifadhi wa majengo Tanzania Bara umejengwa juu ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya 1937 na kurekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Milango na miimo ya mbao imepewa ukomo wa karibu zaidi, yaani kabla ya mwaka 1940. Majengo yaliyojengwa baada ya 1863 hulindwa pale tu waziri mwenye dhamana anapoyatangaza rasmi.

Ukomo huo unafaa kwa Kilwa Kisiwani, Kunduchi au Kaole. Kwa Dar es Salaam, haufai. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, na Boma la Kale, ambalo ni miongoni mwa majengo makongwe kabisa yaliyosalia mjini, lilijengwa mwaka 1866 na 1867. Kwa maneno mengine, karibu jiji lote la Dar es Salaam ni jipya mno kwa kipimo cha sheria. Ikiwa Boma la Sultani halifikii ukomo kwa miaka mitatu, soko la 1975 liko mbali nao kwa zaidi ya karne nzima. Mlango wa mbao uliochongwa mwaka 1939 unalindwa bila mtu kuomba. Paa la Amuli linasubiri tangazo la waziri.

Tatizo si la tarehe peke yake. Nyuma ya tarehe kuna dhana kwamba urithi ni kitu cha kale kilichoachwa na watu wasiokuwapo tena. Majengo ya Uhuru yanaipinga dhana hiyo, kwa kuwa wengi waliomwaga zege lake, na wengi walionunua humo fungu la kwanza la viazi, wangali hai au wameacha watoto wanaokumbuka. Aidha, taifa limekwisha kukiri thamani ya usanifu wa kipindi hicho kwa njia nyingine: Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapwa kwenye noti ya shilingi 500, ambayo iliondolewa katika mzunguko mwaka 2025. Fedha ililitambua jengo la miaka ya 1960. Sheria ya urithi bado haijafanya hivyo kwa ukamilifu.

Mfano wa jirani unaonyesha kwa nini tangazo rasmi lina uzito. Jumba la Mikutano la KICC mjini Nairobi, lililosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik pamoja na David Mutiso na kukamilika mwaka 1973, liliingizwa katika orodha ya mashirika ya kubinafsishwa. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Kenya ilizuia hatua hiyo, na hadhi ya jumba hilo kama turathi ya taifa ilikuwa miongoni mwa hoja. Jengo lenye hadhi kisheria hupata wa kulitetea mahakamani. Lisilo nayo hutegemea huruma ya wakati.

7.0 Nini Kihifadhiwe, na Vipi

Zege lina sifa ya kuwa gumu, lakini halidumu bila matunzo. Nondo zilizomo ndani yake hulindwa na hali ya alikali ya saruji. Hali hiyo ikidhoofika kwa hewa na chumvi ya bahari, na maji yakapenya, nondo hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, na zege hupasuka kutoka ndani. Kwa jengo ambalo limekusudia kuyapitisha maji katikati ya nguzo zake, mfereji ulioziba ni hatari ya kimuundo. Majani na mifuko ya plastiki vikiziba mdomo wa faneli, maji yatatafuta njia yake kupitia ufa wowote. Hivyo, kazi ya kwanza ya uhifadhi ni ya fagio na ngazi: kusafisha mifereji kabla ya vuli na kabla ya masika, kila mwaka.

Moto huongeza tahadhari. Zege linapozidi takriban nyuzi 300 za sentigredi huanza kupoteza nguvu, na mara nyingi rangi yake hugeuka kuwa ya waridi. Chuma cha nondo hupoteza karibu nusu ya uwezo wake kinapofika nyuzi 550 hadi 600. Uharibifu wa jinsi hii haufichuliwi na macho, na rangi mpya huweza kuufunika. Kumbukumbu za vipimo vilivyofanywa baada ya moto, pamoja na michoro ya awali na ya ukarabati, zinapaswa kuwekwa mahali ambapo wanafunzi na wahandisi wa kesho watazipata. Jengo lisilo na kumbukumbu hukarabatiwa kwa kukisia.

Kazi ya pili ni kulinda uwazi. Soko hubanwa daima na mahitaji ya nafasi. Kila mwanya unaonekana kama mahali pa kibanda, na kila ukingo kama mahali pa ukuta. Lakini mwanya mmoja ukizibwa, joto hupanda. Joto likipanda, feni na taa huongezwa. Nyaya huongezeka, na hatari ya moto huongezeka pamoja nazo. Hapa ndipo fundisho la Narkomfin linapotuhusu: uwazi ni kiungo cha jengo, na kuuziba ni kulikata kiungo.

Kazi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Soko lililohifadhiwa vizuri likapandishwa kodi hadi muuza mboga akaondoka, litakuwa limehifadhiwa kwa ajili ya nani? Jengo hili lilisimikwa Uswahilini ili mkazi wa kipato kidogo anunue chini ya paa bora kuliko lile la benki. Kumbakiza humo mfanyabiashara mdogo ni sehemu ya utendaji wa jengo kama ulivyo mtiririko wa maji. Hapa mhifadhi na mkusanya mapato hawatakubaliana kirahisi, na si sahihi kuuficha mgongano huo. Shirika linahitaji fedha za matengenezo, na fedha hizo hutoka kwa wapangaji. Njia ya haki ni kuweka sehemu ya mapato ya maduka makubwa na ya jengo jipya katika mfuko wa matengenezo ya jengo la zamani, ili paa la Amuli lisitunzwe kwa jasho la muuza mchicha peke yake.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba Soko Kuu la Kariakoo limebeba tabaka kadhaa za historia: wapagazi walioliachia eneo jina, mji uliogawanywa kwa rangi, saruji ya kwanza ya nchi kutoka Wazo, na msanifu wa Kitanzania aliyegeuza uhaba wa vifaa kuwa umbo. Imeonyesha pia kwamba thamani ya jengo hilo imo katika utendaji wake, na kwamba sheria iliyopo, kwa ukomo wake wa 1863, inaliacha nje pamoja na karibu jiji zima.

Kwa hiyo makala inapendekeza mambo matatu. Mosi, waziri mwenye dhamana alitangaze jengo hili kuwa kumbukumbu ya taifa kwa mamlaka aliyonayo tayari, bila kusubiri marekebisho ya sheria. Pili, tangazo hilo litaje utendaji wa jengo kwa majina: mifereji, matangi, mianya na uwazi wa pande zake, ili asitokee wa kuyaziba kwa kisingizio kwamba sura haijaguswa. Tatu, ukomo wa tarehe katika sheria ubadilishwe na kipimo cha umri kinachosogea pamoja na miaka, kama vile miaka hamsini. Kwa kipimo hicho, soko lililofunguliwa mwaka 1975 limekwisha kutimiza umri, na mengi ya majengo ya kizazi cha Wazo yanalifuata nyuma.

Moto wa 2021 uliilazimisha serikali kuchagua, nayo ikachagua kulibakiza jengo. Uchaguzi huo utarudiwa kwa namna ndogondogo kila msimu: mfereji usafishwe au uachwe, mwanya ubaki wazi au uwekwe kibanda, muuza mboga abaki au aondoke. Hatima ya jengo itategemea zaidi uchaguzi huo wa kila siku kuliko ule mmoja uliofanywa baada ya moto.